Nani Alipewa Kitabu Hiki?

Mtu akisikia kwamba nakusanya vitabu vya siasa na vya mambo ya jeshi vyenye maandishi ya mkono kwenye ukurasa wa mwanzo, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: una sahihi ya Mwalimu Nyerere? Anataka kuona jina kubwa. Sahihi ya kiongozi ina heshima yake, nami siibezi. Lakini kwa miaka mingi niliyopekua masanduku ya vitabu hapa Tanga, macho yangu yamezoea kwenda kwanza kwenye jina lile jingine, la aliyepewa. Maneno yaliyochapwa yanasema viongozi walikata shauri gani. Mstari ule wa wino pale juu unasema shauri lilimfikia nani, mwaka gani, katika kambi au ofisi ipi, na kama lilikuja kwa sura ya zawadi, ya tuzo au ya agizo.

Kwa nchi yetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa siasa na jeshi viliwekwa pamoja kwa makusudi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Kesho yake Tabora ikafuata. Walidai mishahara bora na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Serikali ikalazimika kuwaita Waingereza hao hao, na tarehe 25 Januari wanajeshi wao wakashuka kutoka manowari na kuwanyang'anya waasi silaha. Kwa taifa lililokuwa na uhuru wa miaka miwili tu, ile ilikuwa fedheha. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Safari hii askari aliruhusiwa, tena akahimizwa, kuwa mwanachama wa TANU. Darasa la siasa likaingia kambini sambamba na gwaride. Darasa likiwepo vitabu vitakuwepo, na kitabu kikitolewa mbele za watu huandikwa jina la anayekipokea.

Kati ya vyote, kinachonivuta zaidi ni kijitabu chembamba, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Ukikisimamisha kabatini kando ya vile vitabu vinene vya hotuba za Mwalimu hakionekani kabisa. Lakini humo siasa na ulinzi vimelala ukurasa mmoja. Kiliandikwa wakati wa hofu ya kweli. Novemba 1970 Wareno walikuwa wameivamia Guinea ya Sékou Touré kwa njia ya bahari, na tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote, hapa jirani. Chama kikajibu kwamba ulinzi si kazi ya jeshi peke yake, wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda nchi yao. Mgambo akapata nafasi ambayo hakuwa nayo kabla. Na ndani ya kijitabu hicho hicho imo aya ya 15, inayomkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani waliishika aya hiyo wakawasomea mameneja wao. Ni maandishi machache ya chama tawala yaliyowahi kuwapa watu wa chini silaha mbili kwa mpigo, bunduki ya mgambo na hoja ya kumjibu bosi.

Nakala yenye maandishi bora kuliko zote nilizowahi kushika si yangu. Iko kwa bibi mmoja wa Makorora, mjane wa mtu aliyefanya kazi mashamba ya mkonge huku akiwa mgambo. Nilielekezwa kwake na muuza mitumba wa Tangamano aliyejua kwamba natafuta vitabu vya zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, usisimame mlangoni kama mdai."

Alinitolea sanduku la bati. Ndani mlikuwa na magazeti ya Uhuru yaliyogeuka rangi ya chai, kadi ya chama, picha mbili tatu, na Mwongozo uliokunjwa kona. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa bolpeni ya buluu, mkufunzi wa mgambo alikuwa ameandika jina la marehemu, akatanguliza "Kwa Ndugu", kisha jina la shamba, mwaka 1974, na maneno mafupi: soma, wasomee na wenzio. Chini yake, kwa penseli na kwa mwandiko mwingine mzito wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kulikuwa na safu ya majina ya kwanza tu. Nikauliza hao ni nani.

"Hao ndio aliowasomea," akasema bibi. "Walikuwa wanakuja jioni hapo barazani, wengi wao hawajui kusoma. Akimaliza na mtu anamwandika. Mimi nilikuwa ninapika huku nasikia, mpaka nikayahifadhi. Ile ya kiongozi asiwe na majivuno, ile nilikuwa naisema hata sokoni."

Nilimwomba aniuzie. Akakataa, na alikuwa na haki. Akanipa magazeti, akaniruhusu kupiga picha ukurasa ule, akasema nikitaka kukiona tena nijue njia ya kwake. Ukurasa ule una historia ambayo sijaikuta katika kitabu chochote kuhusu miaka ile. Tunasoma sana kwamba chama kilisema hivi na serikali ikaamua vile. Kwamba mkata mkonge alikaa barazani akaisoma sera ya ulinzi ya nchi kwa sauti, mtu kwa mtu, akaweka orodha ya waliosikia, hilo limo kwenye sanduku la bati la Makorora.

Linganisha na sahihi zinazotolewa kwa wingi. Jenerali Eisenhower alipotoa kitabu chake kuhusu vita vya Ulaya mwaka 1948, lilitengenezwa toleo maalumu la nakala 1,426 zenye sahihi yake. Ni kitabu kizuri, kimefungwa vizuri, na wakusanyaji wa Marekani hukilipia fedha nyingi. Lakini sahihi zile zote ni sawa, hazikumlenga mtu. Ukiniwekea mezani nakala mojawapo ya hizo na kile kijitabu cha bibi, nitanyoosha mkono kwenye kijitabu.

Anayeanza kukusanya atahitaji kujua namna ya kupima ukweli wa maandishi, kwa sababu uongo upo. Kwanza kuna sahihi ambazo si za mkono kabisa. Vitabu vingi vya viongozi vina sahihi iliyochapwa chini ya dibaji, na nimeona watu wakiziuza kwa bei ya sahihi halisi. Geuza ukurasa, pitisha kidole nyuma yake. Bolpeni huacha mfuo, na kalamu ya wino huacha wino ulionyonywa na karatasi. Mashine ya kuchapa kwa kawaida haifanyi hivyo. Bolpeni zenyewe zilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1945, kwa hiyo maandishi ya bolpeni yenye tarehe ya miaka ya 1920 hayahitaji mjadala.

Kwa vitabu vyetu kuna vipimo vya hapa hapa. TANU na Afro-Shirazi viliungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa CCM. Muhuri wa tawi la TANU juu ya maandishi yenye tarehe ya 1983 lazima ukufanye usite. Namna ya kumtaja mtu nayo inasaidia. Maandishi ya miaka ya 1970 yamejaa "Ndugu", mkubwa kwa mdogo. Ukikuta "Mheshimiwa" kila mstari katika maandishi yanayodai kuwa ya wakati ule, tazama mara mbili. Halafu kuna mwaka 1992. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, wanajeshi walitakiwa kuachana na vyama, na waliotaka siasa wakaacha jeshi. Kitabu cha chama kilichotolewa rasmi kwa askari aliye kazini baada ya hapo ni kitu cha kuulizia vizuri.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha vifo. Vipo vitabu ambavyo mwandishi wake hakuweza kuvitia sahihi kwa kuwa hakuviona vikitoka. Clausewitz, jenerali wa Prussia, alifariki 1831, na kitabu chake maarufu kuhusu vita kilianza kutolewa na mjane wake Marie mwaka uliofuata. Shaaban Robert wetu, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alifariki 1962, na Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao ni simulizi la Vita Kuu ya Pili kwa beti za Kiswahili, ulichapwa 1967. Mtu akikuletea nakala ya utenzi huo yenye sahihi ya mwandishi, mshukuru kwa safari yake na umwage kwa heri. Na Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji kikatoka mwaka huo huo yeye akiwa kaburini. Aliuawa kwa bomu lililotumwa kwa posta, limefichwa ndani ya kitabu. Hukumbuka hilo kila ninapofungua bahasha yenye kitabu cha siasa za ukombozi. Wauaji walijua kwamba mtu yule asingeacha kufungua kitabu.

Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, naye aliuawa kwa bomu, Georgetown, tarehe 13 Juni 1980. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa 1972, London na Dar es Salaam, huku kwa jina la Tanzania Publishing House, na mwenyewe aliondoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974. Kwa hiyo nakala aliyomwandikia mwanafunzi wake wa hapa ina dirisha dogo sana la miaka. Sina hata moja. Ninazo za wasomaji wake, walimu waliozipeana wakihamishwa shule, na pembeni wamejibishana kwa kalamu za rangi tofauti.

Tanga yenyewe ina vita yake, na vita hiyo ina soko lake. Mapema Novemba 1914 jeshi la Uingereza, watu wapatao 8,000 waliotoka India, lilishuka Ras Kazone likapambana na kikosi cha Wajerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck, cha watu wapatao 1,000. Nyuki waliingilia kati wakawauma askari, hilo kila mtoto wa Tanga analijua, na tarehe 5 Waingereza walikuwa wamerudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Von Lettow aliandika kumbukumbu zake mwaka 1920, akaishi hadi 1964 akiwa na miaka 93. Maisha marefu kiasi hicho yana maana kwamba sahihi zake ni nyingi, na wanaozitafuta ni wengi, hasa Ulaya. Mimi sizitafuti. Mtu huyo alishiriki pia kampeni ya kuwaangamiza Waherero na Wanama Kusini-Magharibi mwa Afrika, na hapa kwetu vita vyake viliwatumia wapagazi kwa maelfu, wakafa kwa njaa na maradhi bila jina lao kuandikwa popote. Nakala aliyoiandikia mtu wa huku, askari wake wa zamani kwa mfano, ningeikimbilia hata usiku, kwa ajili ya jina la yule askari.

Upande wa pili wa vita ile kuna onyo ambalo kila mkusanyaji alijue. Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi wa Kiingereza aliyekuwapo Tanga, alichapisha shajara yake ya kijeshi mwaka 1960. Imejaa mambo ya kusisimua kuhusu siku zile na imenukuliwa sana. Baadaye watafiti waligundua kwamba kurasa za shajara zake ziliandikwa upya miaka mingi baada ya matukio, na kwamba hata ndege aliowakusanya kwa ajili ya sayansi wengi walikuwa wa kuibwa na kubandikwa maelezo ya uongo. Mwandiko unaweza kuwa wa mtu mwenyewe kabisa na maneno yakawa ya kubuni. Ndiyo maana sitosheki na uhalisi wa wino. Nauliza pia aliyeandika alikuwa anataka msomaji aamini nini.

Anayetaka kuvijua vita vya pwani hii kwa sauti ya wenyeji aanze na Hemedi bin Abdallah al-Buhry na utenzi wake kuhusu Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, pwani yetu hii, vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, uliohaririwa na J.W.T. Allen. Toleo la East African Literature Bureau la 1960 bado huonekana katika nyumba za Tanga, mara nyingi likiwa na jina la mwenye kitabu kwa herufi za Kiarabu kwenye jalada la ndani. Nakala yangu imepita mikono mitatu ya ukoo mmoja, na kila mmoja ameandika jina lake chini ya la baba yake.

Kuna maandishi yanayofutwa, na hayo nayo ni ya kukusanywa. Kile kitabu chekundu cha nukuu za Mao Zedong kilitoka na maneno ya Lin Biao, waziri wake wa ulinzi, kwa mwandiko wake mwenyewe, yamechapwa mbele, yakiwataka watu wamsome Mwenyekiti na kumfuata. Septemba 1971 Lin Biao akafa katika ajali ya ndege, akiitwa msaliti, na watu wakauchana ukurasa ule au kuupiga wino. Kwa hiyo nakala iliyochanwa inasimulia zaidi ya nakala kamili. Inasema mwenye nacho alisikia habari na akaogopa. Kitabu hicho kiliwahi kutolewa hata kwa Kiswahili, na Tanzania ya miaka ya reli ya TAZARA kilikuwa kikionekana. Mimi nina kitabu kingine, cha siasa za hapa hapa nyumbani, ambacho jina la mtoaji limepigwa wino mweusi mpaka karatasi imechimbika, lakini la mpokeaji limeachwa. Watu wameniambia kuna mwanga maalumu unaoweza kulisoma jina lililo chini. Sijalitafuta. Aliyelifuta alikuwa na sababu, na huenda watoto wake tunapishana nao Barabara ya Nne.

Hapo ndipo penye adabu ya kazi hii. Vitabu hivi vina majina ya watu waliopo, au wa jamaa zao. Sitangazi jina la mpokeaji bila idhini ya familia. Sinunui kitabu chenye muhuri wa maktaba bila muhuri wa pili unaoonyesha kwamba kimeondolewa rasmi, hasa kikiwa cha Maktaba ya Mkoa, maana hicho ni mali ya kila mtoto wa Tanga. Na karatasi za jeshi lenyewe, miongozo ya ndani, chochote chenye neno SIRI, sikigusi hata nikipewa bure. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ipo, na hata isingekuwepo, hizo si za kabati la raia. Vitabu vilivyouzwa dukani na kusomwa na watu vinatosha sana.

Wapo pia wanaokata ukurasa wenye sahihi na kuutia kwenye fremu. Hili linaniuma. Ukurasa ukishatoka, kitabu kimekuwa karatasi tu na sahihi imekuwa pambo. Huwezi tena kujua nani alipewa nini. Fremu ya ukutani haikuonyeshi kwamba msomaji alipigia mstari aya ya 15 mara tatu.

Kuvitunza Tanga ni kazi, kwa sababu ya chumvi ya bahari na unyevu wa masika. Usivifunge kwenye mifuko ya plastiki, jasho litaviozesha. Kabati lipitishe hewa, lisigusane na ukuta, na miguu yake ikaguliwe mchwa. Gundi ya selotepu ni adui, inaacha doa la kahawia lisilotoka. Mimi huandika habari za kila kitabu kwenye karatasi ya pembeni kwa penseli: nilikipata wapi, nani alinisimulia nini, jamaa za mpokeaji wanasemaje. Karatasi hiyo inakaa ndani ya jalada. Kitabu kikihama kwangu kiende nayo.

Kwa sasa natafuta mambo mawili. La kwanza ni chochote kilichowahi kuwa mikononi mwa Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga aliyeanzisha hapa, mwaka 1922, chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1931 akaenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Aliandika vitabu, na mtu wa tabia yake bila shaka aliwaandikia rafiki zake ndani yake. La pili ni vitabu vya Vita vya Kagera. Amin alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na kati ya hapo jeshi lilipanuka kwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza kutoka kila mkoa, Tanga ikiwemo. Muda si mrefu vitabu vikaanza kutoka: Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai mwaka 1980, na utenzi wa Henry Muhanika mwaka uliofuata. Naamini ziko nakala walizopewa waliorudi, na nyingine walizopewa wazazi wa ambao hawakurudi. Kama nyumbani kwenu ipo, Pongwe, Muheza, Pangani au Ngamiani hapa, sihitaji uniuzie. Piga picha ukurasa wa mwanzo kabla ya masika, na umuulize mkubwa wa nyumba yale majina ni ya akina nani.